Kiuno cha Bomba Mama

Ipo nchi moja ambayo ukiiulizia mpakani, kila askari atakuambia ni ile ya upande wa pili. Inaitwa Jamhuri ya Turidhike. Watu wake ni wapole, serikali yake ni sikivu, na chuma chake hakishiki kutu. Hilo la mwisho limo katika sheria.

Sheria yenyewe ilitungwa mwaka ule sanamu ya chuma ya Rais wao, ambaye kwa heshima huitwa Mwenyewe, ilipotokwa na michirizi myekundu chini ya jicho la kushoto. Wachuuzi wa jirani wakaanza kunong'ona kwamba sanamu inalia. Ikaundwa kamati, ikakaa miezi minane, ikabaini kwamba sanamu hailii bali ina kutu, na kwamba kutu ni mbaya kuliko machozi, kwa kuwa machozi yanaweza kuelezwa kuwa ya furaha. Bunge likapitisha Sheria ya Heshima ya Chuma kwa kauli moja. Tangu siku hiyo ni kosa kuona kutu kwenye mali ya umma, kuitaja, kuidhania au kuiota. Wekundu wowote juu ya chuma cha serikali uitwe ukomavu. Hata methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua ilisimamishwa kwa muda, na walimu wakaambiwa waibandikie karatasi vitabuni.

Sasa katika nchi kama hiyo, mtu aliyesomea kukagua kutu anafanya kazi gani? Hidaya Mchopa alijiuliza swali hilo kila asubuhi alipokuwa akifunga kamba za viatu. Alikuwa Mkaguzi wa Nje wa Mitambo ya Baharini, daraja la pili, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja mwenye mikono mipana na macho yaliyochoka kwa kutoona. Kwa miaka kumi na tatu hakuwa ameona kitu, na ripoti zake zilisifiwa kwa hilo. Mkaguzi wa daraja la kwanza, aliyekuwa mkubwa wake, alipelekwa masomoni ghafla, kozi isiyojulikana mahali pasipojulikana, baada ya kuonekana akikwaruza boriti ya daraja kwa ukucha. Basi zamu ilipofika ya kukagua Mtambo wa Shukrani, hakubaki wa kutumwa ila Hidaya.

Mtambo huo ulisimama baharini kwa miguu minne ya chuma, mwendo wa saa nzima kwa helikopta kutoka nchi kavu. Katikati yake lilipita Bomba Mama, lililokuwa likipandisha gesi kutoka chini ya bahari. Jumamosi ya wiki ile Bomba Mama lingetimiza miaka ishirini na mitano, na Mwenyewe angefika kuadhimisha. Hidaya alikabidhiwa cheti siku ya Jumanne, kikiwa kimeshaandikwa: "Mimi niliyetia saini hapa chini nimeliona Bomba Mama kwa macho yangu mawili, na limenawiri." Kilichotakiwa ni saini tu. Kusafiri hadi kwenye mtambo kulikuwa ni kwa ajili ya picha.

Tena Bomba Mama lilikuwa limenawiri kweli. Kila mwaka ofisa wa wizara alilizungushia utepe kama fundi cherehani anavyompima bwana harusi, na magazeti yakatangaza kiuno chake. Mwaka wa kwanza kilikuwa sentimita mia na ishirini na saba. Mwaka huu kilikuwa mia na thelathini na tisa. Mabomba ya nchi nyingine hukonda kadiri yanavyozeeka. La Turidhike lilinenepa, na Waziri wa Gesi na Shangwe alieleza bungeni kwamba hayo ni matunda ya sera. Hidaya alijua, kama ajuavyo kila aliyepita chuoni, kwamba chuma kikiliwa hufura, na kwamba mguu uliovimba haujanenepa. Ila alijifariji kwamba zile sentimita kumi na mbili ni rangi. Kila mgeni wa heshima alipokuja bomba lilipakwa rangi mpya juu ya ile ya zamani, na wageni wa heshima wa nchi ile walipenda sana upepo wa bahari.

*

Jambo la kwanza lililomshangaza mtamboni lilikuwa kimya. Wafanyakazi walikuwa sitini na mmoja, wanaume pekee, na wote walivaa kandambili. Mafundi wa gesi, wenye funguo za spana viunoni, walitembea kwa ncha za vidole kama watu waliochelewa msikitini. Milango ilikuwa imefungwa vitambaa isigonge. Chakula kilipakuliwa kwenye sahani za plastiki. Mpishi, Salimu Ngaunje, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kinu kilitupwa baharini miaka tisa iliyopita, na kitunguu saumu anakikata kwa kisu.

Aliuliza kwa nini. Mpishi akajibu kwamba ni adabu tu. Kila aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo, ni adabu tu, mama, huku akitazama chini, upande wa Bomba Mama.

Fundi mkuu wa mtambo aliitwa Nassoro Chipande, mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata juani. Hidaya alimwomba kamba na kiti cha kushukia hadi pale mawimbi yanapolipiga bomba, kwa sababu kutu, samahani, ukomavu, hupenda mahali panapolowa na kukauka. Chipande alimkumbusha kwamba kanuni inataka akague kwa macho, kwa umbali wa mita tano, na kwamba nyundo ya ukaguzi ilipigwa marufuku kwa kuwa huumiza rangi. Hidaya akasema hana nyundo. Chipande akaenda kuleta kamba mwenyewe.

Akashushwa. Upepo ulimzungusha akiwa kwenye kiti, na maji yalikuwa yakipanda na kushuka chini ya nyayo zake. Bomba lilikuwa mbele ya uso wake, limepakwa rangi za bendera, linang'aa. Alinyoosha mkono akaligonga kwa pete yake ya ndoa. Juu lililia vizuri, ngo, kama sufuria nzima. Alishuka kidogo akagonga tena: ngo, lakini nyonge. Alipofika penye unyevu akagonga, na bomba halikulia. Lilitoa sauti ya kitu laini, kama mtu aliyegonga papai.

Hidaya hakugonga tena. Aliweka kidole gumba juu ya rangi akakibonyeza polepole, na kidole kikaingia. Rangi ilibonyea kama utando wa maziwa, na alipokiondoa alama yake ikabaki pale. Ndani ya alama ile alihisi mtetemo wa gesi ikipita, karibu sana, kama moyo wa mtoto chini ya mbavu. Akaelewa kwamba pale hapakuwa na chuma tena. Palikuwa na makoti thelathini na moja ya rangi, na nyuma yake gesi ya kuweza kuwageuza majivu watu sitini na mmoja, na yeye wa sitini na mbili. Aliogopa kiasi kwamba alishindwa kuvuta kamba ya kuomba apandishwe.

*

"Funga gesi," alimwambia Chipande alipofika juu.

Chipande hakushangaa, na hilo lilimtisha Hidaya zaidi. Alimketisha kwenye pipa tupu la rangi, akamweleza taratibu, kama mtu anayesimulia ugonjwa wa nyumbani kwake. Kufunga gesi kunataka fomu. Fomu inataka sababu. Sababu zilizokubaliwa zilikuwa tano: vita, maombolezo ya kitaifa, siku ya kuzaliwa ya Mwenyewe, sherehe ya kufungua tena, na kutu. Ya tano ilifutwa sheria ilipopita. Mara mbili alijaribu kuomba maombolezo, akaulizwa nani amekufa.

"Kumbe mnajua," Hidaya alisema.

"Mwanangu, watu sitini na mmoja hawavai kandambili kwa sababu ya joto." Chipande alivuta kofia yake hadi kwenye nyusi. "Tunatembea polepole, tunamwomba Mungu, na tunapishana likizo. Tumefika hapa. Ila kuna la Jumamosi, sijui kama wamekwambia."

Hawakumwambia. Siku ya Jumamosi, katika kilele cha sherehe, Mwenyewe angelipiga Bomba Mama mara tatu kwa nyundo ya fedha yenye uzito wa kilo nne, ili dunia isikie uimara wake. Wizara ilikuwa imeteua mahali pa kupigia kwa kufuata vipimo vya kitaalamu, yaani pale lilipokuwa nene kuliko pote. Kabla ya siku hiyo pangejengwa ngazi na kijukwaa chenye zulia, kando ya alama ya kidole cha Hidaya.

Hidaya aliomba redio, akampata Waziri. Alichagua maneno kama anayekanyaga vigae vya chupa. Alisema kwamba bomba limekomaa. Waziri akafurahi. Hidaya akasema limekomaa mno, hadi linabonyea. Waziri akauliza alijuaje kwamba linabonyea.

"Nimeligusa, Mheshimiwa."

"Basi umekiuka. Ukaguzi wa nje ni wa macho. Kugusa ni ukaguzi wa ndani, na huo una idara yake."

"Idara hiyo iko wapi, Mheshimiwa?"

"Itaundwa."

Waziri akaendelea kwa hotuba fupi ya robo saa. Alisema taifa halijengwi kwa vidole gumba. Alisema maadui wanasubiri Jumamosi ipite bila nyundo. Mwisho akashusha sauti kama baba: "Bi Hidaya, kama unaogopa, ogopa kizalendo. Cheti kiwe kimetiwa saini kabla sijatua hapo. La sivyo nitakuja na mkaguzi mwingine ambaye ameshaona kila kitu tangu akiwa ofisini."

*

Siku mbili zilipita. Hidaya hakutia saini wala hakulala vizuri. Alikula na watu wa mtambo, meza moja baada ya nyingine, na kwa kuwa hakuna redio iliyoruhusiwa kupigwa kwa nguvu, walizungumza. Alijua nani ana mapacha, nani anajenga, nani ameoa wiki tatu zilizopita na anahesabu siku. Alipowatazama wakinyanyua sahani kwa mikono miwili zisigongane, alipandwa na hasira, kisha na huruma, kisha na hasira tena, safari hii ya kujichukia mwenyewe kwa miaka kumi na tatu ya kutoona.

Siku ya Ijumaa alifika Bwana Mahfudhi, Mkuu wa Itifaki wa Ikulu, akiwa na mazulia, kwaya, na kitabu cha itifaki chenye kurasa mia mbili na sita. Huyu alikuwa mtu mwembamba asiyecheka, ambaye hakuamini kitu chochote duniani ila kitabu kile. Watu wa Turidhike husema waziri anaweza kubishana na sheria, lakini hakuna anayebishana na itifaki. Hidaya akaomba akisome kitabu, kwa kisingizio cha kujua mahali pa kusimama. Akakisoma usiku kucha, ukurasa kwa ukurasa, kama mgonjwa anayesoma karatasi ya dawa.

Asubuhi alimwendea Bwana Mahfudhi kwa unyenyekevu mkubwa. Alisema ameona ukurasa wa kumi na nane unakataza kitu chochote kuvuma, kulia, kukoroma au kuunguruma Mwenyewe anapohutubia.

"Naam. Mwaka juzi tulisimamisha mto," Bwana Mahfudhi alisema.

"Ni kwamba bomba hili linavuma, bwana."

Bwana Mahfudhi aliinama alitegee sikio, na kwa kutaka uthabiti akainua kiganja alipige kidogo. Hidaya aliudaka mkono ule hewani. Wakabaki hivyo, mkuu wa itifaki na mkaguzi wa daraja la pili, wameshikana mikono, na bomba likivuma kati yao. Hidaya akamwambia kwa upole kwamba rangi haijakauka. Bwana Mahfudhi akaondoa mkono, akasikiliza, akakunja uso. Kwa kweli lilivuma, tena bila adabu yoyote. Akaamuru gesi ifungwe wakati wa hotuba. Hakutaka fomu, kwa sababu itifaki ndiyo inayoagiza fomu na siyo fomu inayoagiza itifaki.

Hidaya alitaka kulia kwa furaha. Chipande akamvuta pembeni akaitia furaha hiyo maji baridi. Ule mwenge wa gesi unaowaka ubavuni mwa mtambo, alisema, lazima uwake Mwenyewe anapotua, kwa ajili ya picha. Kwa hiyo vali ya chini ya bahari itafungwa hotuba inapoanza, siyo kabla. Na gesi iliyobaki ndani ya bomba haitoki mara moja. Itaendelea kupungua kupitia mwengeni kwa dakika arobaini na tano. Nyundo ikigonga kabla ya hapo, kufunga vali na kutofunga ni mamoja.

"Mwenyewe huhutubia kwa saa ngapi?" Hidaya aliuliza.

"Hajawahi kupungua saa tatu," Chipande alisema. "Leo ndiyo siku ya kumwombea afya."

Huenda siku hiyo ndiyo pekee katika historia ya Turidhike ambapo watu sitini na wawili walitamani kwa moyo safi hotuba iwe ndefu.

*

Mwenyewe alitua saa nne. Alikuwa mzee mnene, amevaa suti nyeupe, na uso wake ulikuwa wa kijani kibichi, kwa sababu helikopta ilikuwa imeyumba njia nzima. Kwaya ikaimba kiuno cha Bomba Mama kwa sauti nne. Waziri, ambaye katika pilikapilika zile hakuwa bado amekiulizia cheti, akashuka nyuma yake akitabasamu. Wakashuka ngazi hadi kwenye kijukwaa cha zulia. Wafanyakazi walijipanga kwenye vidaraja vya juu, na kandambili zao mpya zenye rangi za bendera. Mwenyewe akashika kipaza sauti. Kule juu, kando ya geji ya kupimia gesi, Chipande akafunga vali, na mvumo ukakoma.

"Ndugu wananchi," Mwenyewe alisema. Akameza mate. Akatazama bahari, akageuza macho haraka. "Itifaki imezingatiwa. Bomba hili ni imara. Mimi ni imara. Nileteeni nyundo."

Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yote. Dakika moja haikuisha.

Nyundo ilikuja juu ya mto wa hariri. Hidaya alitazama mwenge. Ulikuwa ukiwaka kwa nguvu, mrefu kama mnazi. Alitazama juu, kwa Chipande, akamwona anatikisa kichwa. Mwenyewe alishika mpini, akapima umbali. Ndipo Hidaya akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, kubwa kuliko alivyokusudia:

"Mheshimiwa Rais, itifaki haijazingatiwa."

Hakuna aliyewahi kusema maneno hayo. Mwanakwaya mmoja akakaa chini bila kuambiwa. Hidaya akasema wenyeji hawajatambulishwa, na kwamba kwa mujibu wa ukurasa wa arobaini, mgeni wa heshima hashiki chombo cha wenyeji kabla wenyeji wote hawajatambulishwa mmoja mmoja kwa jina, kazi na atokako. Macho yote yakamgeukia Bwana Mahfudhi. Akafungua kitabu, akasoma, na jasho likamtoka, kwa sababu ni kweli ndivyo kilivyosema.

"Watambulishwe," alisema kwa sauti ya mtu anayejinyonga kwa uadilifu.

Mwenyewe akaketi, akafunga macho.

Hidaya alianza na mpishi. Alimtaja Salimu Ngaunje, mzaliwa wa Kitunda, baba wa watoto wanne, mtu ambaye kwa miaka tisa hajatwanga kitunguu saumu. Salimu akapunga mkono, watu wakampigia makofi matatu, wafanyakazi wakipiga kwa ncha za vidole. Akamtaja Bakari Mkwinda, fundi umeme, mwenye mapacha. Akamtaja Yohana Chilumba, mpaka rangi, aliyelipaka Bomba Mama makoti yote thelathini na moja na analijua kuliko anavyomjua mkewe. Hakuharakisha. Kila jina alilipa nafasi yake, na kila alipovuta pumzi alitazama mwenge, ulioanza kufupika kidogo kidogo.

Alipomfikia mtu wa ishirini na tisa, Waziri alimpitishia kikaratasi kilichoandikwa: "Utakwisha." Alikikunja akaendelea. Alipomfikia wa hamsini na mbili, jina likamtoka. Alimtazama yule mtu, alikumbuka kwamba ndiye aliyeoa majuzi, alikumbuka hata jina la mke, lakini lake likakataa. Mwenyewe akafungua jicho moja. Mkono wake ukaisogelea nyundo.

"Ndimi Kassimu Lihumbo," yule mtu alijitaja mwenyewe kutoka juu, akapunga mikono yote miwili. "Fundi wa kuchomelea. Nimeoa."

Makofi yakapigwa. Hidaya akaendelea hadi wa sitini. Mwenge ulikuwa umebaki kama mwali wa kibatari. Alivuta pumzi kwa mara ya mwisho, kwa sababu hakuwa na watu zaidi.

"Na wa sitini na moja, Nassoro Chipande, fundi mkuu wa mtambo huu."

Chipande hakupunga mkono. Aliinamia geji, akakaa hivyo kwa muda ambao Hidaya aliuona mrefu kuliko ile miaka kumi na tatu. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akaipeperusha juu ya kichwa chenye upara uliong'aa. Nyuma yake mwenge ukazimika.

*

Mwenyewe aliinuka akapiga. Pigo la kwanza tu lilitosha. Nyundo haikulia, ilizama, ikafuatwa na mpini, ukafuatwa na mkono wa Mwenyewe hadi kwenye kiwiko. Alipouchomoa, suti nyeupe ilikuwa nyekundu kwa vumbi hadi begani, na vipande vikubwa vya rangi vilining'inia tunduni kama maganda ya ndizi. Nyundo ya fedha ilisikika ikianguka ndani ya bomba, mbali, hadi ikafika kwenye maji.

Mwenyewe alisugua vidole vyake. "Hii ni nini?"

Waziri alisema ni ukomavu. Bwana Mahfudhi alisema kitabu hakikutaja. Mwenyewe hakuwatazama. Alimtazama mwanamke aliyekuwa akitaja majina, na Hidaya akaona kwamba yule mzee alikuwa anataka kujua kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu sanamu yake ilipolia.

"Ni kutu, Mheshimiwa," alisema.

"Kutu niliipiga marufuku."

"Haikusikia."

"Na kama gesi ingekuwamo?"

"Asingebaki wa kuuliza wala wa kujibu."

Mwenyewe alitafakari. Alitazama tundu, akatazama jozi sitini na moja za kandambili juu ya kichwa chake. Kisha akafanya alichofundishwa na miaka mingi ya utawala. Aliamuru kutu ikamatwe, pamoja na yeyote aliyekuwa akijua ilipojificha.

*

Kesi ilisikilizwa upesi, miezi minne tu. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Kutu, aliyekusanywa kwa brashi na polisi akatiwa kwenye mkebe wa chuma wa serikali, uliopakwa rangi za bendera. Aliposomewa mashtaka alikaa kimya, na karani akaandika kwamba amedharau mahakama. Mshtakiwa wa pili alikuwa Hidaya Mchopa, kwa kosa la kuona, kugusa, kuchelewesha saini, na kutambulisha watu bila kibali. Waziri alitoa ushahidi kwa siku tatu kwamba hajawahi kuona kitu, na hakuna aliyemtilia shaka.

Siku ya hukumu Hidaya alisimama kizimbani na pingu mikononi. Alijua ni miaka saba. Wakili wake alimwambia, na hakimu alishamwambia wakili. Alikuwa na woga, na alimkumbuka mume wake, na hakujuta. Kisha akasikia kishindo kwenye ngazi za mahakama. Kilikuwa kishindo kizito cha viatu vya ngozi vyenye soli za msumari, vikikanyaga kwa nguvu, bila adabu hata chembe. Watu wa mtambo walikuwa wanaingia. Bomba Mama lilikuwa limetobolewa, mtambo umefungwa, wao wako nchi kavu, na wote walikuwa wamenunua mabuti.

Hakimu alisubiri kishindo kitulie, akavaa miwani. "Itifaki imezingatiwa," alisema. "Sasa nasoma hukumu."

"Haijazingatiwa, mheshimiwa hakimu," alisema Chipande, amesimama, kofia mkononi. "Nassoro Chipande. Fundi mkuu. Niko hai."

"Salimu Ngaunje, mpishi. Niko hai."

"Kassimu Lihumbo. Mke wangu ana mimba ya miezi minne. Niko hai."

Hakimu aligonga meza, lakini karani alikuwa ameshaanza kuandika majina, na jina likishaandikwa mahakamani lazima orodha imalizwe. Waliendelea mmoja mmoja. Kila aliyetaja jina alikanyaga sakafu kwa buti, na kila buti lilipokanyaga, mkebe juu ya meza ya hakimu ulicheza kidogo. Walipokwisha, hakimu, kwa hasira, aliunyanyua mkebe awaonyeshe watu mshtakiwa wa kwanza. Mkebe ulinyanyuka, kitako kikabaki mezani. Vumbi jekundu likamwagika juu ya hukumu, likaingia kwenye vifungo vya joho, feni ikalipeperusha ukumbi mzima.

Ikabidi kesi iahirishwe, maana kwa sheria ya Turidhike msaidizi hahukumiwi kabla ya mkosaji mwenyewe, na mkosaji mwenyewe alikuwa ametoroka. Askari waliamriwa wamtafute popote alipo. Walipita kwenye nondo za madirisha, kwenye bawaba za milango, kwenye kiti cha hakimu, kwenye pingu za Hidaya, wakiwa na brashi mikononi, na kila mahali walipofika walijikuna vichwa, kwa sababu sheria ya kumtafuta ilikuwapo na sheria ya kutomwona haikuwa imefutwa. Nasikia wanaendelea hadi leo.

Hidaya alirudishwa mahabusu kusubiri. Alipokuwa akishushwa ngazi aliwasikia wakitoka nyuma yake, na akaanza kuhesabu, jozi kwa jozi za mabuti, kwa kituo, kama alivyofundishwa kukagua kabla hajafundishwa kutoona. Mlinzi alimuuliza anahesabu nini. Aliendelea hadi alipofika mwisho, na hesabu ilikuwa sitini na moja.